Wahusika wa Mkekani

Kisanamu kina uso mbele na uso nyuma, na pengine nyuso nyingine zimepangwa juu yake. Warega wa Pangi, mashariki ya Kindu nchini Kongo, humwita Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi. Asiyejua atadhani ni zimwi. Kumbe ni mzee mwenye haki, anayetazama pande zote kabla ya kukata shauri. Ana wenzake: Wayinda, mjamzito aliyezini na kuwaletea watu wake balaa, na Kasungalala, mwenye mkono juu, mpatanishi wa ugomvi mzito. Kila mmoja ana jina, tabia na historia yake.

Aliyewahi kucheza Dungeons & Dragons atashtuka. Mchezo huo ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, kwa toleo la kwanza la nakala 1,000. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akasema na kutenda kama mhusika wake. Mmoja huongoza hadithi, dadu zikaamua bahati. Visanamu vidogo huonyesha nani amesimama wapi.

Lakini bwami, chama cha Warega chenye akina Sakimatwematwe, si mchezo, na Mrega akisikia ukikiita hivyo ana haki ya kukasirika. Kina ngazi nyingi, ya mwisho na ya juu ikiwa kindi. Cheo hakirithiwi. Mtu hupanda kwa mwenendo mwema, kwa msaada wa ukoo, na kwa malipo: mbuzi, chumvi, mafuta, fedha za maganda. Wake nao wana ngazi zao.

Kinachovutia ni jinsi kinavyofundisha. Mtaalamu wake huitwa nsingia, na shughuli yote humtegemea yeye. Hasimami kuhutubia. Hucheza. Huingia akichechemea kama mzee, au akijitutumua kama mpumbavu mwenye majivuno, huku ngoma zikilia na methali ikiimbwa. Kisha kisanamu kikatokezwa, kikaburutwa, kikaelekezewa mtu. Si visanamu tu. Mdomo wa hondohondo, fuvu la sokwe, gamba la kakakuona, jani kavu: mikononi mwa nsingia kila kimoja hupata sauti. Anayeingizwa hutazama, akaambiwa kwa methali fupi, mara nyingi ya fumbo, mtu gani asiwe. Wahusika wabaya ni wengi kuliko wema, na hapo wazee hao walijua wanachofanya: nani alikumbuka hadithi ya mtu asiye na kasoro?

Mbelgiji Daniel Biebuyck aliyashuhudia haya miaka ya mwanzo ya 1950, muda mfupi tu baada ya utawala wa Wabelgiji kupiga bwami marufuku mwaka 1948. Kitabu chake cha 1973 kinarudia onyo moja kwa namna nyingi: usisome maana kwenye umbo. Sanamu mbili zinazofanana zaweza kuwa watu wawili tofauti, na sanamu zisizofanana zikawa mtu yule yule. Kinachoamua ni methali, mchezaji na jambo lililo mkononi siku hiyo. Nsingia aliyetembea akaona shughuli za jumuiya nyingine alirudi na mengi.

Lakini katika kugawana mawazo ndipo bwami na mchezo ule wa mezani vinapoachana. Mwaka 1975, Lee Gold wa Los Angeles alianzisha jarida la wachezaji, *Alarums and Excursions*. Kila mmoja aliandika kurasa zake, akajibu za wenzake. Gold akazikusanya na kuzisambaza, kazi aliyoifanya kwa miongo mingi. Kanuni mpya, jini jipya, kosa la juzi mezani: vyote viligawiwa bila kinyongo. Kwa Warega, wazo hupewa aliyelistahili na kulilipia. Kuona bila kuingizwa hakuruhusiwi.

Basi nini kimefanyika mjini humohumo Los Angeles, ambako jumba la makumbusho la Fowler lilionyesha sanaa ya Warega mwaka 2001, sehemu kubwa ikitoka kwa Jay Last, mwanafizikia aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wanane wa Fairchild Semiconductor? Vitu ambavyo mtu wa Pangi alivipandia ngazi miaka na miaka vilionwa na yeyote aliyepita. Umbo aliliona, lakini methali na mwendo wa mchezaji havikuwamo kabatini. Je, siri imevuja, au haijaguswa? Na kijana wa Kindu akitaka leo kuketi na marafiki zake, mmoja akawa Wayinda na mwingine Sakimatwematwe, amwombe nani ruhusa?