Kujenga Ukurasa kwa Kuburuta: Pamba Utakavyo, Ila Mahali pa Kulipia Pawe Sawa

Tuseme unauza viatu vya mitumba Gikomba. Wateja wa WhatsApp wamezidi, na kila mmoja anauliza yale yale: saizi gani iko, ni pesa ngapi, nalipa wapi? Jioni moja kijana wako anakuambia, "Mathe, si tukufungulie tovuti? Ni kuburuta tu." Kesho yake ukurasa uko hewani, picha safi, rangi poa, na chini kabisa namba yako ya Till.

Hapo ndipo tunataka tuongee kidogo.

Kuburuta ni nini?

Zamani kutengeneza ukurasa kulitaka mtu anayejua kuandika kodi. Siku hizi kila kitu ni kipande: kichwa, picha, kitufe, fomu. Unakishika kipande kwa kidole au kwa mausi, unakivuta hadi unapotaka, unakiachia. Ni kama kupanga kibanda asubuhi: viatu vya watoto mbele, buti nyuma, na kama havivutii unavihamisha.

WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ilileta mtindo huu wa vipande katika toleo la 5.0, Desemba 2018. Waliuita Gutenberg, jina la yule fundi wa Ujerumani aliyechapa vitabu katika karne ya 15 kwa kupanga herufi moja moja. Wengine hutumia Wix, au huongeza Elementor juu ya WordPress. Kazi ni ile ile.

Shida iko wapi?

Chombo hiki hakijui pesa. Kwake yeye, namba yako ya Till ni maandishi tu, sawa na "Karibuni wateja". Mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kubadilisha tarakimu moja, abonyeze kitufe cha kuhifadhi, na hakuna kengele itakayolia. Ukurasa utabaki mrembo vile vile. Mteja atalipa, pesa itaenda kwingine, na atakayepigiwa simu za hasira ni wewe.

Kwa hivyo pamba ukurasa utakavyo, lakini kwa mahali pa kulipia fuata haya:

1. Andika namba kama maandishi, usiiweke ndani ya picha. Namba iliyo kwenye bango mteja hawezi kuinakili kirahisi, ataiandika kwa kukisia na kukosea. Halafu ukibadilisha Till, mabango ya zamani hubaki yakizunguka.

2. Andika pia jina litakalotokea. Kama Till imesajiliwa kwa jina tofauti na la duka, mwambie mteja mapema. Akiona jina asilolijua atasita, na ana haki ya kusita.

3. Usiombe PIN kwenye fomu, hata siku moja. Ukiunganisha tovuti na mfumo wa malipo, mteja huandika namba ya simu tu. Ombi la malipo hutokea kwenye simu yake mwenyewe, na PIN anaiweka huko. Kwenye fomu omba unachohitaji tu: jina, simu, na mahali pa kupeleka mzigo. Habari za watu zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, hata kama duka lako ni dogo.

4. Jua nani ana funguo. Akaunti kuu iwe kwa barua pepe yako, si ya fundi. Anayeandika habari za mzigo mpya kwenye WordPress mpe nafasi ya mwandishi. Ataweza kuchapisha habari zake bila kugusa kurasa kama ule wa malipo. Fundi akimaliza kazi, lipa, shukuru, kisha ondoa ruhusa yake na ubadilishe neno la siri.

5. Sasisha programu. Mei 2020 ilibainika kwamba Elementor Pro ina tundu ambalo wadukuzi walikuwa wakilitumia kuingia tovuti za watu. Lilizibwa katika toleo la 2.9.4, lakini aliyepuuza kusasisha alibaki na mlango wazi.

6. Jaribu kwa simu. Kilichopangwa kando kwa kando kwenye kompyuta, kwenye simu mara nyingi hupangwa juu kwa chini, na kitufe cha kulipia kinaweza kuzama chini ya picha ishirini. Kila ukibadilisha kitu, fungua ukurasa kwa simu nyingine na ulipe shilingi 10. Pesa ikiingia kwako na jina likiwa sawa, endelea na biashara.

Na jambo moja zaidi: usitoe mzigo kwa sababu mteja amekutumia picha ya ujumbe wa malipo. Angalia ujumbe ulioingia kwako, au salio la Till.

Na wewe mnunuzi je?

Kama mama wa mitumba ameweza kupata ukurasa mzuri kwa siku moja, mwizi pia ameweza. Uzuri wa ukurasa si ushahidi wa chochote. Kabla ya kuweka PIN, soma jina na kiasi kinachoonekana kwenye simu yako. Jina likikataa kufanana na lile la duka, simama, uliza kwanza. Ukurasa ukikuomba uandike PIN ndani yake, funga. Na ombi la malipo likitokea ghafla wakati hujanunua kitu, likatae, hata kama kuna mtu kwenye simu anakuharakisha.

Ukishatuma pesa kwa namba usiyoiamini, usingoje kesho. Tupigie mara moja kwa namba rasmi ya huduma kwa wateja, ukiwa na ule ujumbe wa malipo. Pesa ikishatolewa upande wa pili, kuirudisha ni kazi ngumu hata kwetu.

Hebu leo, kabla hujafunga duka, fungua ukurasa wako kwa simu ya jirani na usome ile namba tarakimu kwa tarakimu. Ni dakika moja tu.