Bangkok Baada ya Jua Kuzama

Bangkok, mji mkuu wa Thailand tangu mwaka 1782, umejengwa kando ya mto Chao Phraya. Mchana joto huwa kali, hivyo pilikapilika nyingi huanza jioni.

Mtaa wa Yaowarat, kitovu cha Wachina wa jiji hilo, hufurika wachuuzi wa chakula usiku. Hapo hupikwa tambi za kukaanga, supu ya kamba yenye mchaichai na ndimu, na saladi ya papai bichi lililotwangwa kwa pilipili. Kitindamlo maarufu ni wali wa kunata uliotiwa tui la nazi, ukiliwa na embe. Wenyeji hula kwa kijiko na uma. Vijiti ni vya tambi. Waislamu hupata vyakula halali kwa urahisi katika eneo la Nana, penye migahawa mingi ya Kiarabu.

Vijana na watalii wa bajeti ndogo hukusanyika barabara ya Khao San kwa muziki na vinywaji. Tangu Desemba 2023, kumbi za burudani zenye leseni zinaruhusiwa kufunga saa 10 alfajiri. Treni za juu husimama karibu na saa 6 usiku. Baada ya hapo hubaki teksi na bajaji; nauli ya bajaji hukubaliwa kabla ya kupanda.

Wathai, wengi wao Wabudha, husalimiana kwa kukutanisha viganja na kuinamisha kichwa. Mgeni asimguse mtu kichwani, avue viatu hekaluni, na asimkashifu mfalme: hilo ni kosa la jinai.