Sungura wa kwanza nilimuua kwa huruma

Wacha nianze na aibu yangu, ndiyo nisije nikajifanya mtaalamu hapa. Sungura wa kwanza niliyemwokoa alikufa siku ya tatu, kwenye sweta yangu. Hakuuawa na njaa, wala mbwa, wala baridi ya Julai. Nilimuua mimi, kwa dawa niliyompa nikiwa na nia safi kabisa.

Ilikuwa hivi. Naishi Zimmerman, keja ya chumba kimoja, ghorofa ya nne. Juu kwenye paa tunaanika nguo, na kwenye kona ya paa hilo jirani yangu mmoja alikuwa na kizimba cha sungura watatu. Hakuwa akiwafuga kwa mapenzi. Aliwanunua kama biashara.

Kama ulikuwa Kenya kuanzia miaka ya 2010 hivi, unakumbuka ule wimbo. Fuga sungura utajirike! Nyama yake nyeupe, haina mafuta mengi. Ngozi inauzwa. Hata mkojo unauzwa, eti mbolea na dawa ya wadudu shambani. Watu wengi walijenga vizimba, wakanunua majike kwa bei ya juu, kisha wakangoja wanunuzi. Shida ni kwamba jike hubeba mimba siku 31 tu na anaweza kuzaa watoto sita, wanane, hata zaidi. Soko halizaani hivyo. Wengine walifaulu, sikatai. Wengine waliachwa na midomo mingi ya kulisha.

Jirani wangu alikuwa kwenye kundi hilo la pili. Mwisho wa mwezi mmoja akahama usiku. Alibeba kitanda, akabeba meko, akaacha sungura.

Keateka wa ploti akanigongea mlango asubuhi.

"Kijana, wewe ndiye hushinda nyumbani. Hao wanyama uwatoe kufikia Jumamosi. La sivyo, Jumamosi tuna supu."

Ni kweli, nashinda nyumbani. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo naandika mitandaoni nikilipwa kidogo kidogo. Sikuwa na doo ya kulisha mtu mwingine, seuze sungura. Lakini nilipanda juu kuwaangalia tu. Maji yalikuwa yamekauka kwenye kopo, na wote watatu walikuwa wamejibana kwenye pembe moja. Nikarudi chini na kizimba kichwani.

Wawili walikuwa wa kahawia, mmoja mweupe. Nikawaita Chapo, Mandazi na Unga. Mama mboga wetu alicheka hadi akashika meza. "Umewapa majina ya chakula halafu unasema hawaliwi?"

Kapsuli mbili

Unga alikuwa na upele. Ndani ya masikio yake kulikuwa na magamba mazito kama gome la mti, na alikuwa akitikisa kichwa kila mara. Mimi nilikuwa na kapsuli za amoksilini zilizobaki nilipoumwa na jino. Nikajiambia, dawa ni dawa. Nikafungua kapsuli mbili, nikakoroga kwenye maji, nikamnywesha kwa sindano isiyo na ncha.

Asubuhi hakula. Jioni akaanza kuhara. Siku ya tatu akawa baridi.

Nilitafuta daktari wa mifugo baada ya hapo, tena nikiwa na hofu ya kuwapoteza wawili waliobaki. Nilipanda boda boda nikiwa na katoni mapajani. Daktari aliniuliza nilimpa nini yule aliyekufa. Nilipomwambia, alinyamaza kwanza, halafu akanieleza polepole, kama mtu anayejua kuwa tayari naumia.

Utumbo wa sungura unaendeshwa na bakteria wazuri wanaovunja nyasi. Dawa za jamii ya penisilini, zikipitia mdomoni, huwaua hao wazuri na kuwaachia nafasi wale wanaotengeneza sumu. Dawa hiyo inayomponya binadamu inaweza kumuua sungura kwa siku chache. Na upele wa masikio? Unatibika. Unga angepimwa uzito, akapewa dawa ya upele kwa kipimo chake, na leo angekuwa hapa akitafuna kona ya godoro langu.

Akaongeza onyo jingine ambalo nakupa bure: dawa za viroboto vya mbwa zenye fipronili ni sumu kwa sungura. Usimpake, hata kama muuzaji amekuambia ni sawa.

Mnyama asiyelia

Sote tulikua na hadithi za Sungura mjanja, yule anayempumbaza Simba na kumcheka Fisi. Sungura wa kejani si huyo. Yule wa hadithi ni wa porini kwetu hapa, mwenye miguu mirefu, anayezaa watoto wenye manyoya na macho wazi. Huyu wa kufugwa asili yake ni Uhispania na Ureno, na amezoea kulishwa na watu kwa vizazi vingi. Ndiyo maana "kumwachilia huru" pale Karura si wema. Ni kumpeleka akaliwe.

Pia hasemi. Paka akiumwa atakulilia. Sungura huficha maumivu, kwa sababu porini mnyama mdogo anayeonekana mgonjwa ndiye huliwa kwanza. Kwa hiyo lazima ujifunze kusoma vitu vidogo. Anaposaga meno taratibu ukimkuna kichwa, amefurahi. Anapoyasaga kwa nguvu huku amejikunja, anaumwa. Akipiga sakafu kwa mguu wa nyuma, ameogopa. Akiruka juu na kujipinda hewani bila sababu, hiyo ni raha tupu, na utajikuta unacheka peke yako.

Lakini kitu cha kwanza ninachoangalia kila asubuhi, hata kabla ya simu, ni kinyesi. Punje za mviringo, kavu, nyingi: tuko salama. Zikipungua au kuwa ndogo ndogo, nakaa chonjo. Sungura asiyekula wala kunya kwa nusu siku hivi ni mgonjwa wa dharura. Usiseme "tungoje hadi kesho." Kesho anaweza asiwepo.

Si karoti, ni nyasi

Chakula chake kikubwa ni nyasi kavu, na ziwepo mchana na usiku. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, na nyasi ndizo humsaidia kuyasaga. Mimi nanunua belo la Boma Rhodes na kugawana na jamaa anayefuga mbuzi. Juu ya hapo nampa majani kiasi: dania, majani ya karoti, sukuma wiki kidogo. Kabeji nyingi humjaza gesi. Karoti yenyewe ina sukari, kwa hiyo ni peremende, si chakula. Avokado, majani yake na matunda yake, ni sumu kwake.

Usimwinue kwa masikio. Ficha nyaya za chaja, la sivyo utanunua nyingine kila wiki. Na asikae chini ya mabati yanayochoma: joto likipita nyuzi 30 anaweza kuzimia na kufa. Walioko Mombasa, mnahitaji kivuli, hewa na chupa ya maji yaliyoganda ya kumwekea kando.

Habari njema ni kwamba anajifunza choo. Weka beseni lenye karatasi za gazeti na nyasi juu, kwenye ile kona aliyoichagua mwenyewe. Hili la kumfuga sungura ndani kama paka si ndoto yangu. Marinell Harriman wa California aliandika kitabu kuhusu sungura wa nyumbani mwaka wa 1985, na mwaka wa 1988 likaanzishwa huko shirika la House Rabbit Society, linalookoa sungura waliotupwa na kuwatafutia makao. Kumbe hata Marekani huwatupa.

"Wasichana" wawili

Niliambiwa Chapo na Mandazi wote ni majike. Mimi ni nani nibishe? Asubuhi moja nikamkuta Mandazi ameng'oa manyoya ya kifua chake na kutandika kwenye kona. Ndani kulikuwa na vitoto sita, vipofu, bila nywele, kama vidole vya mtoto. Kimoja kilikuwa kimekufa.

Siku nzima Mandazi hakuwakaribia. Jirani akaniambia, "Amewakataa. Wape maziwa ya ng'ombe."

Nilishika kopo la maziwa, nikamkumbuka Unga. Nikaliweka chini, nikampigia daktari.

Akacheka kidogo. Mama sungura hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, mara nyingi gizani. Hukaa mbali asije akawaonyesha maadui mahali watoto walipo. "Angalia tumbo zao asubuhi," akasema. "Zikiwa zimejaa kama mpira, waache." Asubuhi zilikuwa zimejaa.

Akaniuliza pia Chapo yuko wapi. Nikasema yuko hapo hapo na mama. "Mtoe sasa hivi!" Jike anaweza kushika mimba siku ile ile aliyozaa. Chapo alilala bafuni. Baadaye nilimpeleka akahasiwa, nikalipa kwa awamu tatu, na bado nikangoja wiki sita kabla ya kuwarudisha pamoja, maana dume aliyehasiwa huweza kuzalisha kwa wiki kadhaa. Mandazi naye yuko kwenye mpango, kwa sababu majike wasiofungwa kizazi hupata saratani ya mji wa mimba kwa wingi wanapozeeka.

Nani apewe?

Watoto watano, chumba kimoja. Walipofikisha wiki nane nikatangaza kwa WhatsApp: wanatafutiwa nyumba, bure, lakini kwa masharti.

Mmoja alitaka wa kumpa mtoto wake zawadi ya bathdei. Nikamuuliza, "Mtoto akichoka naye mwezi wa pili, nani atamlisha?" Akakata simu. Mwingine alitaka wa kupiga video za TikTok "wiki mbili tu." Hapana. Wa tatu akaniambia wazi, "Ndugu yangu, mimi nitamla." Huyo sikumkasirikia. Sipigani na wanaokula sungura, ni chakula halali cha watu. Nilimwambia tu kuwa hawa si wa sufuria, akanitakia heri. Kati ya wote watatu, huyo ndiye pekee aliyesema ukweli tangu mwanzo.

Wawili walichukuliwa na mwalimu mstaafu wa Kahawa West. Alinitangulia kuniuliza kama wanaweza kukaa pamoja, na ni kweli, sungura hapendi upweke. Nikamkumbusha ahasi kabla mambo hayajawa mambo. Wawili wengine walienda Umoja kwa wanandoa vijana. Baada ya wiki tatu wakanipigia, sauti chini: mke anapiga chafya usiku kucha, wanaona haya kuwarudisha.

Nikawaambia mmefanya vizuri kunipigia, waleteni. Sharti langu la mwisho ndilo hilo na ndilo kubwa: ikikushinda, nirudishie, sitakuuliza maswali. Hao wawili wana makao mengine sasa. Wa tano, Kibonge, hakupata mtu. Yuko hapa miguuni pangu.

Ujumbe wa usiku

Miezi minne baada ya kuhama, yule jirani wangu alinitumia ujumbe saa tano usiku. "Boss, wale sungura walikuwaje?"

Nilikuwa nimemwandalia matusi kwa muda mrefu. Nikampigia. Akaniambia alikuwa na deni la kodi la miezi miwili na watoto wawili, na aliona aibu kumwomba mtu yeyote amsaidie na wanyama wakati hajui watoto watalala wapi. Alidhani keateka atawapa mtu. Akauliza kuhusu yule mweupe, kipenzi cha binti yake.

Nikamwambia ukweli. Kwamba alikuwa mgonjwa, na mimi nilimpa dawa bila kumuuliza mtu.

Tukanyamaza wote wawili.

Ningesema nini? Mimi mwenyewe niliacha chuo bila kumwambia mtu. Wiki tatu nilikuwa nikitoka nyumbani na begi kila asubuhi. Pengine kungekuwa na msaada wa karo, pengine hakungekuwa, lakini sikuuliza. Yeye hakuuliza kuhusu sungura, nami sikuuliza kuhusu kapsuli. Aliyelipa ni Unga.

Sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka minane hadi kumi na miwili. Chapo na Mandazi wakiwa na bahati, nitakuwa nimevuka thelathini wakiwa bado wananitafunia nyaya. Kwa hivyo kama unataka kumchukua mmoja, hesabu miaka hiyo kwanza, tafuta daktari anayejua sungura kabla hajaugua, na weka nyasi ndani kabla hajafika.

Na kama unaye sasa hivi na umeshindwa, usihame usiku. Sema mapema, ukiwa bado na wiki mbili za kumtafutia nyumba. Kuna mtu atakucheka, ndiyo. Lakini kuna mwingine atakuja na katoni.

Jumapili iliyopita jirani alimleta binti yake. Msichana alikaa sakafuni saa nzima bila kusema kitu, hadi Kibonge akamjia mwenyewe, akamnusa kidole. Wakaondoka na Kibonge na nusu belo la Boma Rhodes. Nambari ya daktari nilimwandikia baba yake kwenye simu, nikamwonyesha: "Hii hapa. Piga kabla."