Aliyeona Gari Likigongwa Ana Deni Gani? (Sehemu ya Nne)

Katika sehemu tatu zilizopita tulimtenganisha shahidi wa macho na shahidi wa kusikia, tukapima uzito wa kiapo, tukaona kwa nini mahakama humtaka mtu aseme alichokiona mwenyewe na si alichosimuliwa kijiweni. Leo nilikusudia kuingia kwenye maswali ya dodoso. Lakini ile video fupi inayozunguka kwenye simu wiki hii imenifanya niahirishe, kwa kuwa inahusu jambo linalotangulia mahakama, wakili na hata polisi.

Wengi mmeiona. Imenaswa na kamera ya duka. Gari dogo limeegeshwa kando ya barabara, mwenyewe hayupo. Pikapu inapiga rivasi, inaligonga ubavuni. Mlango wa nyuma unabonyea, saiti mira inabaki ikining'inia kwa waya. Dereva anashuka, anaupapasa mlango kama mtu anayempima mtoto homa, anatazama kulia na kushoto, anapanda, anaondoka. Waliopo hapo ni muuza kahawa na birika lake, mama anayekaanga mihogo, vijana wawili wa bodaboda, na mlinzi aliyeketi kwenye kiti cha plastiki. Muuza kahawa anaendelea kumimina. Mlinzi anainuka, anakigeuza kiti upande wa pili, anaketi tena.

Matusi yote yamemwendea dereva, na anastahili. Mimi nimeirudia video ile kwa ajili ya kiti.

Tumalizane kwanza na dereva, kwa maana kwake hakuna utata. Wajerumani, wakati huo wakiwa bado wanatutawala huku Tanganyika, walitunga mwaka 1909 sheria ya magari iliyomtia hatiani dereva anayekimbia baada ya ajali ili asitambulike. Sheria hiyo ilikuwa na busara moja ninayoipenda: aliyekimbia aliweza kunusurika na adhabu iwapo angejitokeza polisi, si zaidi ya siku iliyofuata, akajitaja yeye na gari lake. Walielewa kwamba mtu huingiwa na hofu, na kwamba hofu ya usiku mmoja haimfanyi mtu kuwa mhalifu wa kudumu.

Waingereza walifuata na Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya mwaka 1930: simama, toa jina na anwani kwa anayestahili kupewa, na usipofanya hivyo toa taarifa polisi ndani ya saa 24. Wapenzi wa sheria hawaachi kutabasamu wakifika kwenye orodha ya wanyama ambao dereva akiwagonga ni lazima asimame: farasi, ng'ombe, punda, baghala, kondoo, nguruwe, mbuzi na mbwa. Paka hayumo. Mkondo huohuo ulifika kwetu: Kenya inao katika kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na Tanzania katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973.

Nchi zinatofautiana kuhusu gari ambalo mwenyewe hayupo. Huko California, sheria inamruhusu aliyegonga kuacha karatasi yenye jina na anwani mahali panapoonekana, kisha awaarifu polisi. Ujerumani ya leo haikubali karatasi chini ya waipa. Inamtaka asubiri kwa muda wa kutosha, asipotokea mtu ndipo atoe taarifa bila kuchelewa. Na yupo Mmarekani aliyedai kwamba kumlazimisha dereva asimame na kujitaja ni kumlazimisha ajishuhudie mwenyewe. Mwaka 1971, katika kesi ya California dhidi ya Byers, Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa hoja hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Kusimama, walisema wengi wa walioshinda, si kukiri kosa.

Msomaji makini ameshagundua kwamba sheria zote hizi zinamkodolea macho aliyegonga. Aliyeona hatajwi. Je, ina maana hana deni?

Hapa niruhusuni nirudi nyuma, maana jibu liko kwenye kile kibati kilichofungwa mbele na nyuma ya kila gari. Tarehe 14 Agosti 1893, mkuu wa polisi wa Paris aliamuru kila chombo cha moto kiwe na kibati cha chuma chenye jina na anwani ya mwenye chombo pamoja na namba yake, kisomeke vizuri na kisifichwe kamwe. Uingereza ikafuata kwa sheria ya mwaka 1903, na kuanzia Januari 1904 magari yake yote yakavaa namba. Jiulizeni namba ile iliandikwa kwa ajili ya nani. Mwenye gari analijua gari lake. Polisi mara nyingi hayupo linapotokea la kutokea. Namba iliwekwa kwa ajili ya mpita njia, ili mtu asiyemjua dereva, asiyejua hata aina ya gari, aweze kusema neno moja la uhakika. Mfumo mzima wa usajili umejengwa juu ya dhana kwamba yuko mtu anayetazama, na akiona atasema. Akinyamaza, kile kibati kinabaki kuwa pambo.

Dhana hiyo ni kongwe kuliko magari. Mwaka 1285 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alitoa Sheria ya Winchester. Palipotokea unyang'anyi, yowe lilipigwa na kupokezanwa mji hadi mji, na kila aliyelisikia aliwajibika kutoka. Wakazi wa tarafa walioshindwa kumtoa mhalifu walilipa hasara kutoka mifukoni mwao. Nani angegeuza kiti chake, kama ukimya wa mtaa ungegharimu kila nyumba?

Wala hatuhitaji kwenda Winchester. Usukumani na Unyamwezini, mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, mtu mzima haulizi ng'ombe ni wa nani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi baada ya vita vya Kagera, wanakijiji wa Shinyanga na Tabora waliufufua utaratibu huo kwa jina la Sungusungu: pinde, mishale, filimbi, na ntemi wao wa kuwaongoza. Aliyesikia mwano akabaki ndani alitozwa faini, na akishupaa alitengwa. Hakupewa moto, hakuzikiwa. Adhabu haikuwa ya wizi. Ilikuwa ya kusikia na kukaa kimya.

Siipambi historia hiyo. Palepale penye mwano palitokea watu kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na mitaa yetu ya leo inajua neno "mwizi!" linavyoweza kummaliza kijana kabla polisi hawajafika. Ndiyo sababu napigania heshima ya shahidi. Anayesema kwa utulivu "nimeona gari la namba hii likigonga, saa hii" anaiondoa kesi mikononi mwa umati na kuiweka mahali pa kupimwa. Mtaa usio na mashahidi huishia kuwa na mahakimu wengi.

Dini zetu nazo hazikumwacha aliyeona. Qurani, katika sura ya pili, inakataza kuuficha ushahidi na kusema moyo wa mwenye kuuficha una dhambi. Kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa tano, kinamtwika hatia mtu aliyeona au kujua jambo, akasikia wito wa kushuhudia, asiseme. Tunafunga na kufuturu, tunaimba kwaya Jumapili. Jumatatu tunasema mambo ya Ngoswe mwachie Ngoswe.

Sasa turudi kwa sheria yetu. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinamtaka kila anayejua kwamba kosa lililomo katika Kanuni ya Adhabu limetendwa au linakusudiwa, amwarifu polisi au kiongozi wa eneo lake mara moja. Watu wengi hawajui kwamba kifungu hicho kipo. Lakini soma tena: kosa lililomo katika Kanuni ya Adhabu. Kugonga gari la mtu kwa uzembe na kuondoka ni suala la Sheria ya Usalama Barabarani, kitabu kingine. Yule mlinzi angekuwa na wakili mzuri, wakili angemwambia kwamba kifungu hiki hakimgusi. Pengo hilo ndilo nimekuwa nikililalamikia kwa miaka, na nitaendelea.

Nawajua watakaonijibu. Muuza kahawa akienda kituoni atapoteza siku, ataambiwa asubiri, ataambiwa aje kesho, na birika halijilipii. Ni kweli, na ni aibu yetu sisi, si yake. Wengine watasema walikuwepo wengi, kwa nini awe yeye. Hilo limechunguzwa. Mwaka 1968 Bibb Latané na John Darley, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha jaribio ambalo moshi uliingizwa kwenye chumba ambamo watu walikuwa wakijaza fomu. Walioachwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Walioketi na watu wawili waliopangwa wasijali, ni asilimia 10 tu waliotoka. Moshi ulikuwa uleule. Kwa hiyo kundi lililo pale barabarani halimpunguzii mtu wajibu; linampunguzia mwendo tu, na ni afadhali alijue hilo mapema.

Swali mliloniandikia, kama aliyeona atoe taarifa, basi lina jibu fupi: ndiyo, toa taarifa, na haitakugharimu siku. Gari la Tanzania lina T, tarakimu tatu na herufi tatu. Ukishindwa zote, shika herufi na rangi. Andika muda na upande lilikoelekea. Mwenye gari akitokea, mpe mkononi; asipotokea, chomeka karatasi chini ya waipa ukiweka na namba yako ya simu, au mwachie mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Usimfukuze dereva, usipige kelele za mwizi. Sema ulichoona, usiseme "alikuwa amelewa" kama hukunusa. Akiwa amejeruhiwa mtu, hapo hakuna karatasi wala mjumbe: ni polisi, papo hapo.

Namba hiyo ya gari ni fedha. Bima ya lazima ilipoanzishwa Uingereza mwaka 1930, nasi tukaiga, ilikusudia mwili wa mtu na si bodi ya gari. Waingereza wenyewe waliongeza mali kwenye ulazima huo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwenye bima ndogo akigongewa gari na asiyejulikana, fundi wa kunyoosha bodi na wa rangi anawalipa yeye. Mwenye bima kubwa atalipwa, ila atabeba sehemu yake ya hasara na huenda akapoteza punguzo lake. Aliyegonga akijulikana, mara nyingi bima yake ndiyo inayobeba mzigo. Walahi, tarakimu tatu na herufi tatu zinaweza kuwa ada ya muhula wa mtoto wa mtu.

Na ikiwa aliyegonga ni jirani yako, au bosi wako? Nenda kwake kwanza. Mwambie umeona, mpe hadi kesho ajitokeze mwenyewe, kama walivyofanya wale wa 1909. Kesho ikipita kimya, mwenye gari ana haki kuliko urafiki wenu. Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kazi ya shahidi ni kuhakikisha msemo huo hautimii kwa mtu aliyeegesha gari lake akaenda benki.

Ombi langu kwa wabunge ni maneno machache tu katika kifungu cha 7: baada ya Kanuni ya Adhabu, yaongezwe "au sheria nyingine yoyote". Pamoja nayo iwepo amri kwamba mtoa taarifa apokelewe, aandikwe na aachiwe aende zake ndani ya muda unaojulikana. Wajibu bila ulinzi ni mtego, na anayenaswa huwa ni yule mwenye birika. Kabla ya hayo kupita Dodoma, walimu wa uraia wanaweza kuanza bila kusubiri bajeti: wawapeleke wanafunzi kando ya barabara, wawafundishe kusoma namba ya gari linalokwenda na kuiandika bila kukosea.

Wiki ijayo, inshallah, tutarudi kwenye maswali ya dodoso: wakili anamuuliza nini shahidi aliyeona gari kwa sekunde tatu, na shahidi ajibu nini pale asipokumbuka.