Matangazo ya Simu Bila Idhini: Haki za Mwananchi Kisheria

Nambari ya simu siku hizi huandikwa kila mahali: kwenye kitabu cha wageni langoni mwa jengo, kwenye fomu ya bahati nasibu ya supamaketi, kwenye kliniki inayopanga siku ya kumwona daktari. Muda si mrefu jumbe zinaanza kumiminika. Viatu vimepunguzwa bei, mkopo uko tayari, ploti zinakaribia kuisha. Wengi huzifuta na kunyamaza, wakidhani kwamba aliyepewa nambari amepewa pia ruhusa ya kuitumia apendavyo. Sheria ya Kenya haisemi hivyo.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Kifungu cha 46 kinalinda haki za watumiaji wa bidhaa na huduma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 37, inakataza mtu kutumia data ya mwingine kibiashara isipokuwa mwenyewe ametoa idhini ya wazi, au kuna sheria inayoruhusu na mwenyewe alijulishwa data ilipochukuliwa. Nambari ya simu ni data binafsi. Kliniki iliyoichukua ili kukumbusha mgonjwa siku yake ya matibabu inaweza kumkumbusha. Haiwezi kumpa mwenye duka la vipodozi ili naye amtumie matangazo.

Kanuni zilizotolewa mwaka 2021 zinafafanua zaidi. Anayetaka kutangaza biashara yake kwa njia hii anatakiwa awe ameipata nambari kutoka kwa mwenyewe, awe amemweleza kwamba itatumika kwa matangazo, na mwenyewe awe amekubali. Kwa hivyo orodha za nambari zinazouzwa kichinichini zinaanguka hatua ya kwanza kabisa.

Jambo ambalo wananchi wengi hawalijui ni kwamba mzigo wa kuthibitisha idhini uko kwa mtangazaji. Mlalamishi halazimiki kuonyesha kwamba hakukubali. Kampuni ndiyo inayotakiwa kuonyesha kwamba alikubali. Na hata aliyekubali mwaka jana anaweza kuondoa idhini yake leo.

Kanuni hizo pia zinadai kila mtangazaji aweke njia rahisi ya kujiondoa, inayoonekana, isiyochukua muda mwingi na isiyomgharimu mteja pesa za maana. Ndiyo sababu jumbe nyingi za matangazo kwenye mtandao wa Safaricom huishia na neno STOP na msimbo *456*9*5#. Jumbe hizi hutoka kwa jina la biashara badala ya nambari, hivyo kuzijibu moja kwa moja mara nyingi hakuwezekani. Msimbo ndio mlango wa kutokea.

Tahadhari moja. Ujumbe unaodai mtu ameshinda zawadi, au unaoomba nambari ya siri ya M-Pesa, si tangazo bali ni ulaghai. Huo usijibiwe hata kwa neno STOP, kwa kuwa jibu lolote humthibitishia tapeli kwamba laini inatumika.

Matangazo yasipokoma, malalamishi hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ODPC, ambayo hupokea malalamishi kupitia mtandao pia. Sheria inaruhusu kulalamika kwa maandishi au kwa mdomo, na uchunguzi unatakiwa kukamilika ndani ya siku 90. Hapa ndipo wengi hujikwaa: wameshafuta kila kitu. Ni heri kuhifadhi picha ya ujumbe ikionyesha jina la mtumaji, tarehe na saa, pamoja na ushahidi kwamba mwenye simu aliomba kuondolewa.

Ofisi hiyo inaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Mnamo Septemba 2023 kampuni moja ya mikopo ya kidijitali ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ilizozipata kwa wengine. Aliyeathirika naye anaweza kudai fidia, na sheria inahesabu usumbufu wa moyo kuwa madhara, si hasara ya pesa pekee.

Wafanyabiashara wadogo wa kaunti nao wanahusika. Kanuni za usajili zinawaondolea wengi wao, wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, wajibu wa kujisajili kwa Kamishna. Hazikuwaondolea wajibu wa kuomba idhini. Mwenye saluni anayetaka kuwatumia wateja ofa za Krismasi anaweza kuweka daftari mezani lenye safu mbili, moja ya nambari na nyingine ya mteja kutia sahihi kwamba anakubali kupokea matangazo. Asiyetia sahihi asitumiwe.