Kikao cha Wastaafu: Ujuzi wa Barazani Unavyoweza Kuitumikia Kata

Mtumishi anapostaafu hukabidhi funguo, vitabu vya ofisi na mali yote iliyokuwa mikononi mwake. Jambo moja halikabidhi, kwa kuwa halina fomu: yale aliyojifunza katika miaka thelathini au arobaini ya kazi. Ujuzi huo huondoka naye, hurudi naye kijijini, na mara nyingi huishia kwenye benchi la mbele ya duka, ambako wastaafu hukutana jioni na kuzungumza.

Wapitao hudhani kuwa wazee wanapitisha muda tu. Wakati mwingine ni kweli. Hata hivyo, asikilizaye kwa makini atasikia hoja juu ya mvua, injini, bei ya mbolea na vita vya nchi za mbali. Makala hii inaeleza yaliyomo katika mazungumzo hayo, na namna mkazi wa Tumati anavyoweza kunufaika nayo kabla hayajapotea.

Wanaokaa pale ni nani?

Kwa watumishi wa umma walio wengi, umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni miaka 60. Wengi hustaafu wakiwa bado na nguvu na akili timamu. Katika wilaya za Mbulu na Hanang utawakuta walimu, wauguzi, madereva, mabwana shamba na mafundi. Tukumbuke kuwa jirani zetu wa Hanang walikuwa na mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, yaliyoendelezwa kwa msaada wa Canada tangu miaka ya 1970. Mashamba hayo yalihitaji watu wa kuyatunza matrekta na mashine za kuvunia, nao walijifunza mambo ambayo leo kijana hulazimika kuyafuata mjini.

Wala kukaa pamoja na kusemezana si jambo geni kwetu. Wairaqw wana slufay, dua ya kishairi ambayo mzee huitamka mbele ya mkutano huku waliohudhuria wakimwitikia. Msikilizaji wa slufay hakai kimya. Ana sehemu yake ya kutimiza. Huko Zanzibar, katika Mji Mkongwe, watu hukaa kwenye baraza za mawe mbele ya nyumba, na mahali panapoitwa Jaws Corner panajulikana kwa kahawa, bao na mijadala ya siasa. Nchini Australia, tangu miaka ya 1990, wastaafu wamekuwa wakifungua karakana za pamoja, ambako hutengeneza vitu kwa mikono huku wakizungumza, ili upweke usiwamalize. Mahali ni tofauti, haja ni moja: aliyezoea kuwa na kazi ya kufanya hapendi kukaa bure, na ajuaye jambo hupenda kuulizwa.

Sayansi: mvua haipimwi kwa macho

Mazungumzo ya wakulima wastaafu huanza na mvua. Mmoja atasema mvua ya jana ilikuwa kubwa; mwingine atasema haifikii ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Ubishi kama huo hauna mwisho, ila kwa njia moja, nayo ni kupima.

Kipimo cha mvua ni milimita. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye eneo la mita moja ya mraba ni sawa na lita moja ya maji. Kwa hiyo bati la nyumba lenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 10 likinyeshewa milimita 20 hupokea takriban lita 1,200, ingawa kiasi fulani hupotea kabla ya kuingia kwenye tangi. Mvua hiyohiyo ikinyesha juu ya ekari moja ya shamba huwa zaidi ya lita 80,000. Ajuaye hesabu hii huweza kuamua ukubwa wa tangi la kununua, na huelewa kwa nini shamba la mteremkoni lisilo na makinga maji hupoteza udongo kwa usiku mmoja tu.

Kipimamvua cha kuanzia hakihitaji gharama. Kopo lolote linafaa, mradi kuta zake ziwe zimenyooka na mdomo wake uwe na upana sawa na kitako. Liwekwe mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha kitu hicho. Kila siku saa 3 asubuhi, kina cha maji kipimwe kwa rula, kiandikwe daftarini, kisha maji yamwagwe. Mstaafu mwenye saa, miwani na nidhamu ya kazi ndiye hasa anayeiweza kazi hii, kwani haihitaji nguvu, inahitaji mtu asiyekosa siku.

Faida yake si ya kubishana barazani tu. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Siku zile wengi walisema kuwa volkano imelipuka, kwa kuwa Hanang ni mlima uliotokana na volkano ya kale. Wataalamu wa Serikali walieleza vinginevyo: hapakuwa na mlipuko wala tetemeko. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi ya mvua, ikazidiwa na uzito, ikameguka na kugeuka tope.

Hapa ndipo mazungumzo ya wazee yanapogusa uhai. Mtu aliyeishi chini ya mlima kwa miaka 70 anajua rangi ya kila kijito. Dalili za kuteleza kwa ardhi ni mambo ambayo jicho lililozoea huyaona mapema: maji ya mto kugeuka tope ghafla; maji kupungua ghafla ilhali mvua inanyesha, jambo linaloashiria kuwa yamezibwa huko juu; nyufa mpya kwenye mteremko; miti na nguzo kuanza kuinama; au mngurumo usio wa radi. Zikionekana dalili hizo, watu waondoke kwanza mabondeni na kwenye njia za maji, kisha taarifa ipelekwe kwa Mtendaji wa Kijiji. Daftari la mvua peke yake halitabiri maporomoko, lakini likisomwa pamoja na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huonyesha ardhi imekunywa maji kiasi gani.

Zana: chuma nacho kina tabia

Jambo la pili lisilokosekana barazani ni zana. Wazee hulalamika kuwa majembe ya siku hizi hayadumu kama yale waliyoyazoea ya kiwanda cha Ubungo Farm Implements cha Dar es Salaam. Pengine wana haki, pengine wanausifu ujana wao. Lakini ndani ya lalamiko hilo kuna somo.

Chuma cha pua kikipashwa moto hadi kuiva, kisha kikazamishwa ghafla ndani ya maji, huwa kigumu sana, lakini pia huwa rahisi kuvunjika. Ndiyo maana mhunzi hukirudisha motoni kidogo, akiitazama rangi ya uso wake. Rangi ya majani makavu humaanisha ugumu bado upo. Rangi ya bluu, inayotokea karibu na nyuzijoto 300 za Sentigredi, humaanisha ugumu umepungua. Kwa sababu hiyo, panga linalonolewa kwa mashine ya umeme hadi makali yawe ya bluu hupoteza makali yake baada ya siku mbili. Kijana hudhani amenunua panga bovu, kumbe ameliunguza. Tupa, kinoo na maji, pamoja na mkono usio na haraka, vingemtosha.

Ndivyo ilivyo pia kwa plau la ng'ombe. Mnyororo ukifungwa juu au chini kuliko inavyotakiwa, plau huzama mno au huelea, na ng'ombe huchoka kabla ya saa sita. Na mlimaji anayepitisha plau kutoka juu kwenda chini ya mteremko huwa amechimba mifereji ya kusombea udongo wake mwenyewe. Anayelima kwa kukingama mteremko huyazuia maji. Mambo haya yamo vitabuni, lakini mtu huyaelewa kwa wepesi akisimama shambani pamoja na aliyeyafanya.

Habari za dunia: vita vya mbali, bei ya hapa

Wazee wetu walikua na redio. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957 na ile ya Deutsche Welle mwaka 1963. Kwa hiyo kuna wastaafu ambao wamesikia habari za dunia kwa Kiswahili tangu utotoni. Wanakumbuka jinsi vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vilivyofanya bei ya mafuta ghafi duniani ipande takriban mara nne ndani ya miezi michache. Wanakumbuka kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita vya Kagera vilivyofuata.

Kumbukumbu hizo huwasaidia kuelewa ya leo. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya mbolea ilipanda hadi madukani kwetu, na wengi waliuliza vita vya Ulaya vinahusiana vipi na mahindi ya Tumati. Jibu ni kwamba urea hutengenezwa kwa gesi asilia, na Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa mbolea duniani. Kwa upande mwingine, fosfeti, ambayo husaidia mizizi, huchimbwa Minjingu wilayani Babati, hapahapa mkoani Manyara. Mkulima ajuaye tofauti hiyo haulizi tu bei ya mfuko. Huuliza shamba lake limepungukiwa na nini. Serikali nayo ilianza ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/2023, na anayetaka kuipata sharti awe amesajiliwa kijijini kwake. Mafuta hayako mbali na hoja hiyohiyo: EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hakuna mwuzaji anayeruhusiwa kuzidisha.

Swali linalotenganisha elimu na uvumi

Baraza huweza kueneza elimu, na huweza vilevile kueneza uvumi. Swali dogo hutenganisha mambo hayo mawili: "Umejuaje?" Aliyepima ataonyesha daftari. Aliyefanya kazi hiyo ataeleza hatua kwa hatua. Aliyesikia redioni atataja kituo na siku. Asiyeweza kutaja lolote, maneno yake yasubiri. Mzee wa heshima hachukizwi na swali hilo likiulizwa kwa adabu, baada ya shikamoo. Wengi walikuwa walimu, nao walilifundisha wenyewe.

Swali hilo huwalinda na wastaafu pia. Matapeli huwapigia simu wakijifanya maofisa wa mifuko ya pensheni na kudai malipo au namba za siri. Mstaafu anayezungumza na wenzake kabla ya kujibu huokoka. Namba ya siri ya simu au ya benki haipewi mtu yeyote.

Nini kifanyike katani

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na inautambua ujuzi wake kuwa hazina. Serikali imehimiza mabaraza ya wazee yaundwe kuanzia ngazi ya kijiji. Ili mazungumzo ya benchini yafike huko na kuleta matunda, wakazi wanashauriwa yafuatayo:

1. Wastaafu wenye nia wajitambulishe kwa Mtendaji wa Kijiji na kutaja ujuzi walio nao: umeme, uashi, uuguzi, ufundi wa mashine, kilimo au ualimu.

2. Kila kijiji kipate angalau mtu mmoja wa kupima mvua kila siku, na daftari lake lionyeshwe kwa Afisa Ugani wa kata.

3. Dalili yoyote ya hatari kwenye mteremko au mto itolewe taarifa siku hiyohiyo, bila kungoja mkutano.

4. Wanawake wastaafu waalikwe, na saa ya kikao ichaguliwe kwa kuzingatia kazi zao za nyumbani. Muuguzi aliyezalisha wanawake kwa miaka 30 ana mengi ya kusema kuhusu afya ya kijiji, lakini mara nyingi benchi la dukani halina nafasi yake.

5. Vijana na wanafunzi wahudhurie na waandike. Kinachosemwa bila kuandikwa hudumu kadiri ya umri wa msemaji.

6. Hoja zinazohitaji uamuzi zipelekwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu.

Waswahili husema penye wazee haliharibiki jambo. Lakini wazee hawatakuwapo daima, na wenye miaka 80 leo ndio wa mwisho kuyakumbuka baadhi ya mambo yaliyotajwa hapa. Anayehitaji maelezo zaidi amwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata au afike ofisi ya Mtendaji wa Kata saa za kazi.