Vyombo vya Jikoni Vinavyomfaa Mtoto: Ushauri kwa Kamati za Shule za Awali Zinazoandaa Siku ya Changizo

Shule nyingi za awali nchini huandaa siku ya changizo ili kupata fedha za kukamilisha paa, kujenga choo, kuzungushia uwanja uzio au kuendesha mpango wa uji. Katika siku hiyo, meza inayovutia wazazi kuliko nyingine mara nyingi ni ile ya vyakula vilivyoandaliwa na watoto wenyewe. Mzazi hulipa kwa furaha bei ambayo asingeilipa sokoni, kwa kuwa papai lililomo bakulini limekatwa na mwanawe.

Ili meza hiyo iwepo, kamati hulazimika kununua au kukusanya vyombo. Ununuzi huo hufanywa aghalabu katika siku za mwisho, kwa fedha kidogo, mbele ya rafu zilizojaa vitu vidogo vyenye rangi za kupendeza na maandishi yasemayo "vya watoto". Katika makala haya tunaeleza kwa nini udogo na rangi havitoshi kukifanya chombo kiwe salama, na namna kamati inavyoweza kuchagua vema bila kula fedha zilizokusudiwa kwa ajili ya shule.

Anzeni na kazi, kisha chombo

Kabla ya kwenda dukani, kamati iandike vyakula vitakavyouzwa, kisha igawe kazi za kila chakula katika mafungu mawili: kazi za mtoto na kazi za mtu mzima. Mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kuosha matunda, kukata ndizi mbivu, papai na tango, kukoroga, kupima unga kwa kikombe, kukanda, kusukuma chapati na kumimina juisi. Kumenya nanasi, kupasua na kukuna nazi, kukaanga, kuchemsha na kutumia blenda ni kazi za mtu mzima, na hakuna chombo kidogo kinachoweza kubadili hukumu hiyo.

Orodha ya ununuzi itokane na fungu la kwanza peke yake. Kamati iliyokwisha kuamua kwamba itauza saladi ya matunda na juisi haihitaji seti yenye vipande ishirini, bali visu vinavyofaa, vibao, bakuli, miiko na majagi.

Kifaa cha kuchezea si chombo cha chakula

Kosa linaloonekana mara kwa mara katika ununuzi wa namna hii ni kuchukua seti ya jikoni ya kuchezea na kuitumia kwa chakula halisi. Kifaa cha kuchezea hutengenezwa kwa kufikiria mtoto atakavyokishika na kukitupa. Chombo cha chakula hutengenezwa kwa kufikiria pia kitakavyogusana na tindikali ya ndimu, mafuta, chumvi na joto. Rangi isiyobanduka mtoto anapocheza yaweza kubanduka inapokaa ndani ya juisi ya ukwaju.

Tazameni alama mbili. Ya kwanza ni picha ya glasi na uma, ambayo hutumika katika nchi nyingi kuonyesha kwamba chombo kimetengenezwa ili kigusane na chakula. Ya pili ni picha ya uso wa mtoto pamoja na tarakimu 0-3 ndani ya duara lililopigwa mstari. Hiyo huonya kwamba kitu hicho hakiwafai watoto wa chini ya miaka 3, kwa kawaida kwa sababu kina vipande vidogo vinavyoweza kumkaba. Ikiwa wadogo wa wanafunzi watakuwapo siku ya changizo, onyo hilo linawahusu nao.

Mkono wa mtoto ndio kipimo

Chombo kimfae mtoto atakayekitumia. Mpini mfupi na mnene kiasi hushikika vema kuliko mwembamba na mrefu. Mwiko wa kusongea ugali wa familia humlazimisha mtoto kunyanyua kiwiko juu, na kinachokorogwa humwagika.

Uzito nao hauna budi kufikiriwa. Jagi la lita 2 likijaa hubeba kilo 2 za maji, mbali na uzito wa jagi lenyewe. Kwa mtoto wa shule ya awali, jagi la nusu lita lenye mdomo wa kumiminia linafaa zaidi, hata kama itabidi lijazwe mara nyingi. Jaribio lake ni jepesi: lijazeni maji, kisha mwacheni mtoto mmoja amimine vikombe vitatu. Mkiona anatumia kifua au meza kujiegemeza, tafuteni dogo zaidi.

Kuhusu visu, si kweli kwamba kisu butu ni salama daima. Kisu cha chuma kilichoisha makali humlazimu mtoto kukandamiza kwa nguvu, kikateleza na kuangukia vidole. Kilicho bora ni kisu cha plastiki ngumu au nailoni chenye ncha ya mviringo na meno madogo, ambacho hukata tunda laini. Ikiwa tunda halikatiki kwa kisu hicho, basi tunda hilo ni la mtu mzima kukata. Chini ya kila kibao tandikeni kitambaa chenye unyevu ili kisiteleze, na watoto wakae kwenye meza fupi au mkekani badala ya kusimama juu ya viti.

Chombo kimetengenezwa kwa kitu gani?

Plastiki. Chini ya vyombo vingi vya plastiki kuna pembetatu yenye tarakimu kuanzia 1 hadi 7. Tarakimu hiyo hutaja aina ya plastiki, wala si cheti cha usalama, lakini husaidia kuchagua. Namba 5, yaani polipropilini, huhimili joto na hufaa kwa bakuli na vikombe. Namba 1, ambayo ndiyo ya chupa nyingi za maji, haikukusudiwa kwa vitu vya moto. Namba 3 na 6 ni vema kuziepuka kwa chakula cha moto. Namba 7 ni mchanganyiko wa aina nyingi, na miongoni mwazo imo polikaboneti, ambayo hutengenezwa kwa kemikali ya bisfenoli A. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya kemikali hiyo katika chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011.

Ndoo zilizotumika. Ndoo iliyokuwa na rangi ya nyumba, gundi au kemikali za shambani isitumike kwa juisi wala kwa maji ya kuoshea matunda, hata ikisuguliwa mara ngapi, kwa sababu plastiki hufyonza sehemu ya kilichokuwamo. Ndoo za mabati nazo zina hatari ya namna nyingine: tindikali ya ndimu, ukwaju au machungwa huyeyusha zinki iliyopakwa juu ya bati, na juisi hiyo inaweza kuwatapisha waliokunywa.

Aluminiamu. Sufuria za kiwandani zinafaa kwa kupikia, ila juisi chachu isilazwe ndani yake. Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika kwa sufuria zilizosubiwa kutokana na vyuma chakavu visivyojulikana asili yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopima vyombo 42 vya aina hiyo kutoka nchi 10 zinazoendelea, ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja vilikuwa na hatari ya kutoa risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio huathirika zaidi. Hatari hiyo haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha. Kwa vyakula vya watoto, chuma kisichoshika kutu ndicho chaguo letu la kwanza.

Mti. Mwiko na kibao cha mti usiopakwa rangi wala vanishi ni vyombo vyema, vya bei nafuu, na fundi wa mtaani anaweza kuvichonga kwa kimo cha mtoto. Pitisheni kiganja juu yake mkikagua vibanzi. Kibao chenye nyufa kikataeni, kwa kuwa uchafu hujificha humo. Kibao kilichokatiwa nyama mbichi kisikatiwe matunda.

Melamini na glasi. Sahani za melamini, zile nyepesi zinazofanana na za udongo, zinafaa kwa vyakula baridi, lakini si kwa uji unaotoka jikoni wala kwa kupashia chakula kwenye mikrowevu. Vyombo vya glasi viachwe nyumbani.

Vilivyo vidogo lakini si vya watoto

Mbuzi ya kukunia nazi, hata iliyo fupi, ina meno makali yaliyo wazi. Kikwaruzo cha karoti huchuna ngozi ya vidole mara karoti inapobaki kipande kidogo. Blenda ndogo ya kuchajiwa, inayovutia kwa udogo wake, ina visu vile vile vya blenda kubwa.

Mizani ndogo ya jikoni ya kielektroniki inahitaji tahadhari ya pekee. Nyingi hutumia betri bapa ya duara inayofanana na kifungo. Mtoto akiimeza na ikanasa kooni, inaweza kuunguza umio katika muda wa saa mbili tu. Nunueni mizani ambayo kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, au pimeni kwa kikombe. Mkishuku kwamba mtoto amemeza betri, mpelekeni hospitali mara moja bila kusubiri dalili.

Jiko na mpaka wake

Jiko la mkaa huwekwa chini, na sufuria iliyo juu yake huwa karibu na kimo cha kifua cha mtoto mdogo. Kwa sababu hiyo, upikaji ufanywe mahali pa peke yake, penye mpaka wa kamba, na mtu mzima mmoja awe na kazi ya kulinda mpaka huo tu. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya darasa, hata mvua ikinyesha, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Mtoto akiungua, mwagieni eneo hilo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, yai, mafuta wala majivu. Kisha mfikisheni kituo cha afya.

Hesabu ya changizo

Lengo la siku ni fedha za shule, na vyombo vinaweza kuzila zote. Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiotokana na bei za soko. Shule ina watoto 30 na inatarajia kuuza bakuli 200 za matunda kwa shilingi 1,000 kila moja, yaani shilingi 200,000. Matunda yakigharimu 90,000, hubaki 110,000. Kamati ikinunua seti za shilingi 80,000, shule itapata 30,000. Ikiazima bakuli, miiko na majagi kwa wazazi, na ikanunua visu na vibao pekee kwa 35,000, shule itapata 75,000.

Aidha, si lazima kila mtoto awe na chombo chake. Watoto 30 wakigawanywa katika meza 6 za watano watano, wawili wakakata, wawili wakakoroga na mmoja akapakua, kisha wakapokezana, visu 12 vinatosha. Vyombo vya kuazima vikaguliwe kwa vipimo vile vile tulivyovitaja, na viandikwe jina la mwenyewe.

Dukani: haki yenu na wajibu wenu

Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) huonyesha kwamba bidhaa imethibitishwa kukidhi kiwango kilichowekwa. Itafuteni juu ya bidhaa yenyewe au kifungashio chake, pamoja na jina la mtengenezaji na nchi ilikotoka. Bidhaa isiyotaja mtengenezaji wala asili yake haimpi mlaji pa kushika litokeapo tatizo.

Daini risiti ya kielektroniki. Kisheria mnunuzi ana wajibu wa kuidai, na bila hiyo ni vigumu kuthibitisha mahali chombo kiliponunuliwa. Nunueni kwanza kimoja cha kila aina, kiloweni usiku kucha katika maji ya uvuguvugu yenye ndimu, na mkikagua asubuhi. Maji yakibadilika rangi au chombo kikitoa harufu kali, kirudisheni pamoja na risiti. Jaribio hili haliwezi kuonyesha risasi wala kemikali zisizo na rangi, lakini huondoa vilivyo vibovu kabisa kabla ya kununua dazeni nzima.

Mkikuta bidhaa iliyo chini ya kiwango, taarifu TBS. Mkiona bidhaa bandia, yaani iliyobandikwa alama ya mwingine, taarifu Tume ya Ushindani (FCC). Malalamiko ya kamati moja huweza kuwaepusha watoto wa shule nyingine.

Kwa muhtasari, kabla ya kulipa jiulizeni:

1. Je, kazi ya chombo hiki ni ya mtoto kweli?
2. Je, kimetengenezwa kwa chakula au kwa mchezo?
3. Je, mtoto anaweza kukishika na kukinyanyua kikiwa kimejaa?
4. Je, tunajua kimetengenezwa kwa kitu gani, na nani?
5. Je, hakuna mzazi anayeweza kutuazima?
6. Je, tunapewa risiti?

Jibu la swali lolote kati ya manne ya kwanza likiwa "hapana" au "hatujui", chombo hicho kirudi rafuni.